Tusianze na Rangi: Kufikiria Kabla ya Kutengeneza Baiskeli Kuukuu

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya vikundi jirani tulipokutana hapa Matulo)

Wengine mmetoka Misikhu, wengine mmetoka upande wa Lugulu, na tunajua barabara ile ikinyesha inakuwaje. Karibuni Matulo.

Tuliombwa tuseme juu ya kazi moja tuliyoifanya katika kikundi chetu ambayo inaweza kuwasaidia wengine. Tulikaa tukajiuliza tuseme nini. Mmoja wetu akasema, tuseme juu ya mboga. Mwingine akasema, tuseme juu ya mikopo. Lakini mama mmoja akacheka akasema, "Semeni juu ya ile baiskeli, maana ndiyo iliyotuonyesha ujinga wetu." Basi tukakubaliana. Leo tutasema juu ya baiskeli kuukuu, na jinsi kikundi kinavyoweza kuamua kama itengenezwe au iachwe.

Msidhani ni jambo dogo. Karibu kila boma hapa kwetu lina baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Mwenye nayo anasema, "Nitaitengeneza siku moja." Siku hiyo haifiki. Au inafika, anamwaga pesa, na baada ya mwezi baiskeli imerudi pale pale kwa kuku. Njia zote mbili ni hasara.

BAISKELI HAPA KWETU

Tukumbushane kidogo. Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakati ambapo mtu mwenye baiskeli alikuwa mtu kweli kweli. Mwalimu alikuwa nayo, karani alikuwa nayo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipoanza kutoa karatasi mwaka 1974, asubuhi mngeona barabara imejaa wafanyakazi juu ya baiskeli. Wengi walinunua kwa mshahara wao wa kwanza. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2009, kikaja kuuzwa kwa wenyewe wapya mwaka 2016, lakini baiskeli nyingi zilizonunuliwa kwa mishahara ya zamani bado ziko katika boma zetu.

Kazi ya boda boda nayo ilianzia huku kwetu magharibi. Ilianza Busia, miaka ya 1960, vijana wakibeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda! boda!" Ilikuwa ni baiskeli, wala si pikipiki. Walitia mto juu ya keria, wakaongeza vyuma vya kushikilia foki, mtu akabebwa. Kazi ikaenea mpaka Bungoma, Webuye, Kitale na kwingineko.

Halafu mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Pikipiki zikaja nyingi, na vijana wakahama. Hatusemi ni vibaya. Mgonjwa akizidiwa usiku, pikipiki ndiyo tunayoita. Lakini pikipiki inakunywa petroli kila siku hata kama mzigo ni debe moja, na wengi walioichukua kwa mkopo wanajua malipo ya kila wiki yanavyobana. Kwa hiyo baiskeli bado ina kazi yake. Angalieni wanaobeba maziwa, makaa, mikate na nyasi za ng'ombe. Wengi bado wako juu ya ile baiskeli nzito nyeusi tunayoiita Black Mamba.

KOSA LETU LA KWANZA

Sasa tuwaambie yetu, tusifiche.

Kikundi chetu kina watu 23. Tunauza maziwa pamoja. Mzee mmoja katika waanzilishi wa kikundi alikuwa na Raleigh, ile ya Uingereza yenyewe, iliyotengenezwa Nottingham. Aliinunua alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Alipozeeka akaikabidhi kikundi, akasema, "Ibebe maziwa." Mwaka uliofuata akafariki. Baiskeli ikabaki kwetu, na kila mtu aliiheshimu kwa sababu ya mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita tuliamua kuitengeneza. Tulitoa shilingi 1,900 katika sanduku. Tulinunua nini? Jamani, tulinunua rangi! Rangi nyeusi na nyingine nyekundu kidogo ya kupambia madigadi. Tukanunua kengele mpya, ingawa ya mzee ilikuwa inalia vizuri. Tukanunua mipira ya kushikia mikononi. Tukapiga grisi pale palipoonekana. Ikang'aa! Watu wakapita wakisifu. Hakuna aliyeuliza pini za krenki zikoje.

Siku ya tisa, kijana wetu alikuwa anateremka na lita 20 za maziwa. Pini ya krenki ikalegea, pedeli ikazunguka yenyewe, mguu ukakosa pa kukanyaga. Akaanguka. Maziwa yote yakamwagika, na kifundo cha mkono kikavunjika. Tulilipa hospitali, tukalipa wenye maziwa, na kijana akakaa wiki sita bila kazi. Baiskeli tukaitundika stoo. Ndiyo maana tumeyaita maneno haya "Tusianze na Rangi." Lile halikuwa kosa la fundi wala la baiskeli, maana sisi ndio tuliotengeneza kinachoonekana tukaacha kinachobeba.

MANENO MATATU KATIKA KIKUNDI

Mwaka jana bei ya kupeleka maziwa kwa pikipiki ikatushinda. Tulikuwa tunalipa shilingi 100 kila siku, yaani 3,000 kwa mwezi. Tukarudi kwenye habari ya baiskeli. Hapo kikundi kikagawanyika mara tatu.

Wa kwanza walisema, "Tuuze chuma chakavu, tumalize. Imeshatuvunjia mtoto mkono."

Wa pili walisema, "Tununue mpya." Tuliuliza bei, tukaambiwa 14,500.

Wa tatu, na hawa walikuwa wengi, walisema, "Hii ni ya mzee. Lazima itengenezwe, hata iwe ghali. Tukiiuza, tutamwangaliaje mama?"

Wakati huo sanduku lilikuwa na shilingi 11,300. Katika hizo, 8,000 zilikuwa zimeshaahidiwa wanachama kwa mkopo wa mbolea ya mwezi wa tatu. Kwa hiyo pesa huru zilikuwa 3,300 tu. Kuna waliosema tuchukue ya mbolea tutarudisha. Tulibishana mpaka jua likazama. Mama mmoja aliyekuwa anangoja mbolea hiyo alisimama akasema, "Mkigusa ile pesa, mimi natoka." Alikuwa na haki. Ahadi ya kikundi ikivunjwa mara moja, mara ya pili hakuna atakayeweka pesa yake.

Tukakubaliana mambo mawili kabla ya kugusa spana. La kwanza, pesa ya mbolea haiguswi. La pili, tuipime baiskeli kwanza, tuandike kila kitu, halafu ndipo tuamue. Na tukaweka mpaka: kama matengenezo yanazidi nusu ya bei ya mpya, tunaacha. Nusu ya 14,500 ni 7,250. Mpaka huu ni wetu, ninyi mnaweza kuweka wenu. Lakini uwekeni kabla ya kuanza, maana ukishaanza kununua, kila kitu kinasema, "bado kidogo tu."

JINSI YA KUPIMA BAISKELI KUUKUU

Hapa tunaomba makatibu waandike. Mambo haya tulifundishwa na fundi mzee wa sokoni, na tumeyajaribu wenyewe.

1. Fremu kwanza. Tairi hununuliwa, cheni hununuliwa, lakini fremu ikifa baiskeli imekufa. Osheni fremu yote iwe safi. Angalieni mahali mabomba yanapoungana: chini ya usukani, pale krenki inapopita, chini ya siti, na kwenye bega la foki. Mkiona mstari mwembamba wa kutu uliopita juu ya rangi, shukuni ufa. Kujua hakika, pakeni mafuta taa mahali hapo, ngojeni kidogo, pangusani pakauke kabisa, halafu pakeni unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta taa yaliyojificha ndani yatatoka yachore mstari juu ya chaki. Hii haigharimu hata shilingi 50.

2. Kunyooka kwa fremu. Chukueni uzi. Ufungeni nyuma upande wa kushoto, pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Uvuteni mpaka mbele, uzungusheni kwenye bomba la usukani, mrudishe nyuma upande wa kulia mfunge. Uzi uwe umekazwa. Sasa pimeni kwa rula kutoka bomba la siti hadi kwenye uzi, kushoto na kulia. Pande zote mbili zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana sana, ilishagongwa.

3. Magurudumu. Inueni baiskeli mzungushe gurudumu huku mkishika kijiti karibu na rimu. Mtaona linavyoyumba. Kuyumba kidogo hunyoshwa kwa kukaza spoku. Lakini rimu iliyoliwa na kutu ndani, chini ya tairi, hainyoshwi. Toeni tairi mwangalie. Kama mnanunua rimu, hesabuni matundu: baiskeli zetu nzito kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mtu akinunua bila kuhesabu, atarudi dukani kwa miguu.

4. Cheni. Chukueni rula ya inchi. Wekeni sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya, pini nyingine itakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita inchi 12 na sehemu moja ya nane, cheni imekwisha. Angalieni pia meno ya gia. Yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, yatakula cheni mpya haraka.

5. Krenki na pini zake. Shikeni krenki mbili, mzitikise kwa ubavu. Zikicheza, ni goroli na vikombe vyake ndani. Krenki moja ikicheza peke yake, ni pini. Hapa ndipo kijana wetu alipoangukia. Pini ya krenki ni bei ndogo sana, lakini ndiyo inayoshika mguu wa mtu. Fundi akiitoa, aweke kitu kigumu chini ya krenki kabla ya kugonga, la sivyo anagonga na goroli zote.

6. Breki. Baiskeli hizi za breki za vyuma hushika vibaya mvua ikinyesha, kwa sababu raba inateleza kwenye rimu iliyolowa. Badilisheni raba, na mwambieni mwendeshaji aanze kushika breki mapema. Baiskeli isiyosimama haifai kubeba mtoto wala maziwa.

Mmeona, katika mambo sita haya, rangi haimo. Rangi ni ya mwisho, na ni ya kuzuia kutu.

TULICHOKIKUTA

Basi tukaipima Raleigh ya mzee. Fundi akaandika bei: tairi mbili 1,500, tyubu mbili 600, cheni 400, spoku na kunyosha rimu 500, pini, goroli na grisi 300, raba za breki 200, siti 600, na kazi yake 800. Jumla 4,900. Tukafurahi! Ilikuwa chini ya mpaka wetu. Watu wa "ya mzee" walipiga makofi.

Lakini fundi alikuwa bado hajapaka chaki. Alipopaka, mstari ukatokea chini ya bomba la usukani, umezunguka karibu nusu ya bomba. Tukanyamaza wote. Tena aliuona ufa huo ulikuwa chini ya ile rangi yetu nzuri ya miaka miwili iliyopita. Sisi ndio tuliofunika.

Tukamwuliza, "Si wachomelee?" Akatueleza. Mabomba ya fremu yale ni membamba, na yaliunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Ukipeleka kwa mashine ya umeme ya kuchomelea mageti, moto unakula bomba pembeni ya ufa. Inashika leo, inakatika mwezi ujao, na mahali pale pakikatika usukani unabaki mkononi. Akasema wako wanaotembea na fremu zilizochomelewa, lakini yeye hawezi kuweka mtoto wa mtu juu yake.

Na jambo la pili: vikombe vya krenki vya Raleigh hiyo vilikuwa vimeliwa. Nyuzi za Raleigh za zamani ni nyembamba kuliko za baiskeli za India na China. Ni 26 kwa inchi, na nyingine ni 24. Kwa hiyo vikombe vya dukani, vya Hero au Avon au Phoenix, haviingii. Ukilazimisha, unaharibu fremu. Hii ndiyo sababu chombo bora kinaweza kuwa kigumu kutengeneza kuliko cha kawaida. Kabla ya kuamua, ulizeni: spea zake ziko katika soko letu? Kitu kisicho na spea karibu, hata kiwe kizuri namna gani, kitawasumbua.

BAISKELI YA PILI

Sasa, katika stoo ile ile kulikuwa na mabaki ya baiskeli nyingine ya India. Haikuwa na magurudumu wala siti, na hakuna aliyeijali. Rangi ilikuwa imetoka yote. Watoto walikuwa wanaiita mifupa. Fundi akaichukua, akaiosha, akapaka mafuta taa na chaki. Hakuna mstari. Akavuta uzi, kushoto na kulia ni sawa. Vikombe vya krenki vilikuwa vizima. Akatuambia, "Hii ndiyo baiskeli yenu. Ile nyingine itoe magurudumu, keria na siti."

Hapo ndipo kazi ilikuwa ngumu, wala haikuwa ya spana. Ni nani ataenda kumwambia mama kwamba Raleigh ya mzee itakatwa-katwa? Kuna waliosema tufanye kimya kimya, mama hatoki sana, hatajua. Tunawaambia wazi kwamba tulikaribia kufanya hivyo. Lakini mwenyekiti alisema, "Kitu cha kikundi hakifanywi kwa kujificha. Tukimficha huyu mama leo, kesho mtafichana ninyi wenyewe."

Tukaenda watu watano. Tukamsalimu, tukakaa. Tukamwita Kukhu, kama tunavyomwita siku zote, tukamweleza yote: ufa, rangi yetu iliyoufunika, spea zisizopatikana. Tulikuwa tumejiandaa kwa machozi. Yeye alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Magurudumu yake ni mazima?"

Tukasema, "Ndiyo, Kukhu, yakinyoshwa."

Akasema, "Mzee alikuwa akipeleka mahindi kusiagwa na baiskeli ile. Hakuwa akiiweka kando aitazame. Chukueni. Lakini kengele yake ya zamani nileteeni mimi."

Mnakumbuka ile kengele tuliyoitoa tukaweka mpya? Tulihangaika kuitafuta siku mbili nzima. Tuliipata katika kopo la misumari. Tukampelekea.

HESABU

Gharama sasa ilikuwa ile ile 4,900, ila siti mpya haikuhitajika. Siti ya ngozi ya mzee ilishonwa na fundi wa viatu kwa shilingi 150. Kwa hiyo 4,900 ukitoa 600, ukaongeza 150, inakuwa 4,450. Tulikuwa na pesa huru 3,300. Zilipungua 1,150. Tuko watu 23. Kila mmoja akatoa shilingi 50, ikatosha kabisa. Pesa ya mbolea haikuguswa, na yule mama alipata mbolea yake mwezi wa tatu.

Fremu iliyobaki yenye ufa tuliiuza kwa mnunuzi mwenye leseni. Tunasisitiza leseni, kwa sababu tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 biashara hiyo ina leseni zake, na kikundi kikiuza kiholela kinaweza kuingia katika kesi ya vitu vya wizi. Andikeni mlichouza na mliyemuuzia.

Je, faida ipo? Zamani tulilipa pikipiki 3,000 kwa mwezi. Sasa tunampa mwendeshaji wetu shilingi 50 kwa siku, yaani 1,500. Tunaweka 400 kando kila mwezi kwa pancha, raba na tairi. Inabaki 1,100. Kwa hesabu ya karatasi, pesa yetu ya 4,450 ingerudi katika miezi kama minne. Lakini karatasi hainyeshewi. Kulikuwa na wiki mbili za matope tulipolazimika kuita pikipiki, na tairi moja ilipasuka. Sasa ni miezi sita, na tumeokoa 5,150. Pesa yetu imerudi, na juu yake kuna 700. Si utajiri, lakini ni yetu.

Tena yule kijana aliyevunjika mkono ndiye mwendeshaji. Tulimwuliza kama anaogopa. Akasema ataendesha, lakini yeye mwenyewe ndiye atakayekagua pini kila Jumamosi. Tumempa spana na daftari.

JAMBO AMBALO HATUJALIMALIZA

Tusije tukawaacha mkidhani yote yamekwisha vizuri. Mmoja wa wajukuu wa Kukhu yuko sekondari ya kutwa, na anatembea karibu kilomita saba kila asubuhi. Alituomba baiskeli. Lakini maziwa yanaondoka saa kumi na mbili, na shuleni anatakiwa kabla ya saa mbili. Baiskeli moja haiwezi kuwa mahali pawili. Tulichagua maziwa, kwa sababu maziwa yanalisha nyumba 23. Hatukulala vizuri siku ile.

Tunajua baiskeli inamfanyia nini msichana wa shule. Huko India, jimbo la Bihar, mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli. Wataalamu walipopima baadaye, walikuta wasichana wanaojiunga na sekondari wameongezeka kwa karibu theluthi moja. Shule zilikuwa mbali vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kufika, tena wasichana walikwenda pamoja njiani, wakawa salama zaidi.

Kwa hiyo zile 700, na zitakazofuata, tumeziandika katika ukurasa wake katika daftari: baiskeli ya shule. Tumeanza kupita katika boma tukiuliza habari za fremu zilizolaliwa na kuku. Kama ninyi mnayo, msitupatie bure, tuambieni tuje na chaki na uzi tuipime. Ikiwa nzima tutaelewana bei.

MANENO YA KUFUNGA

Mkirudi kwenu, fanyeni hivi. Kwanza, amueni kazi ya baiskeli kabla ya kuitengeneza: itabeba nini, nani ataiendesha, saa ngapi. Pili, wekeni mpaka wa pesa, na msiguse pesa iliyoahidiwa. Tatu, pimeni fremu kabla ya kununua chochote. Nne, ulizeni spea. Tano, kama kitu kilikuwa cha mtu, mwendeeni mwenyewe mmwambie ukweli. Rangi ije baadaye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulipaka ufa rangi, tukalipa kwa mkono wa mtoto. Tungependa ninyi mjifunze kwa hasara yetu, maana tumeshailipa tayari.

Baiskeli iko pale nje chini ya mti. Haing'ari, lakini mnaweza kuitikisa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika boma zenu kuna baiskeli, cherehani au jembe la ng'ombe gani lililoachwa? Nani atalipima, na lini?
2. Kikundi chenu kina pesa ngapi ambazo ni huru kweli, ukitoa zile mlizoahidi watu?
3. Kama baiskeli ni moja, na kuna maziwa na kuna mwanafunzi, ninyi mngechagua nini? Kwa nini?
4. Kuna jambo lolote ambalo kikundi kinataka kulifanya "kimya kimya"? Ni nani anayepaswa kuambiwa?